Mwanafunzi Aliyewafundisha Mabingwa

Wakulima wa Voi na Mwatate wanajua kwamba mavuno ya msimu mmoja si shahidi wa kutosha. Mvua ya huko ni ya kubahatisha, na tembo wa Tsavo hawapigi hodi. Mtu akipanda mbegu mbili za mahindi, moja ikaishinda nyingine, atajuaje kama ni ubora wa mbegu au ni bahati ya shamba? Swali la namna hii ndilo lililomshughulisha marehemu William Sealy Gosset.

Bwana Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, tarehe 13 Juni, 1876. Alisomea kemia na hesabu huko Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Ilimbidi kuchagua shayiri iliyo bora kwa vipimo vichache, ilhali hesabu za wakati ule zilitaka vipimo vingi. Mwaka 1906 akaenda London kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zama hizo, na mwaka 1908 akachapisha njia yake mwenyewe. Kwa kuwa kampuni haikuwaruhusu wafanyakazi kuandika kwa majina yao, alijiita Student, yaani Mwanafunzi.

Katika makala hayo alitoa mfano wa wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa za usingizi. Dawa ya pili iliishinda ya kwanza kwa wastani wa saa 1.58. Kwa njia yake, tofauti hiyo tunaweza kuiwekea mipaka ya asilimia 95: kutoka saa 0.70 hadi saa 2.46. Sifuri haimo ndani, basi ni vigumu kudai kwamba dawa hizo ni sawa.

Nadharia ya mipaka hii ilikamilishwa na Jerzy Neyman, Mpolandi, mwaka 1937. Wengi huielewa vibaya. Haisemi kwamba wagonjwa 95 katika kila 100 watapata nyongeza ya kadiri hiyo. Asilimia 95 ni sifa ya mtego, si ya samaki mmoja: jaribio likirudiwa mara 100, mipaka itainasa tofauti ya kweli kama mara 95, na kuikosa kama mara tano.

Sasa turudi Voi. Tuseme mbegu mpya imeizidi ya zamani kwa wastani wa magunia 2 kwa eka, na mipaka ni kutoka upungufu wa gunia 1 hadi ziada ya magunia 5. Sifuri imo ndani. Mwenye pupa atasema mbegu ni sawa. La, hasha! Jaribio halijakata shauri: mbegu hiyo yaweza kumtia mkulima hasara, na yaweza kumjazia ghala. Heri aongeze vishamba vya majaribio kabla ya kuuza mbuzi wake kununua mbegu.

Bwana Gosset aliaga dunia tarehe 16 Oktoba, 1937, akiwa bado mtumishi wa kampuni ile ile. Hesabu zake zinafundishwa hadi leo kwa jina la Student, na wengi wanaozitumia hawajui lake halisi.