Bwana Nyama wa Mbeya: Maisha ya George Rushby

Ndugu mhariri aliniandikia akinitaka nieleze safari za kujitolea za klabu yetu ya Malihai, ili vijana walioko shuleni leo, wanaotaka kuifufua na kwenda tena Ruaha likizo ya Desemba, wajue wenzao wa zamani walifanya nini huko. Nimekubali kwa moyo mmoja. Lakini siwezi kueleza safari ile bila kwanza kueleza habari za mtu mmoja, Mwingereza, aliyekufa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Jina lake ni George Gilman Rushby. Katika klabu yetu jina hilo lilizusha ugomvi wa wiki nzima bwenini, na naona ugomvi wenyewe haujaisha, maana katika mkutano wetu wa mwaka jana lilitolewa pendekezo kwamba klabu ikifufuliwa ipewe jina lake.

Rushby alizaliwa mwaka 1900 katika jimbo la Nottinghamshire, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipanda meli kwenda Afrika ya Kusini, kijana wa miaka ishirini hivi, bila mali na bila elimu kubwa. Kutoka huko alipanda kaskazini pole pole hadi akaingia Tanganyika. Alikuja kutafuta pesa, na pesa ya haraka wakati ule ilikuwa pembe za ndovu. Aliwinda kwa leseni, na leseni ilipombana aliwinda bila leseni. Alivuka mipaka akaingia Kongo ya Wabelgiji na ya Wafaransa, akaua ndovu na kutoka na pembe usiku. Kwa lugha ya leo alikuwa jangili. Mwenyewe hakuficha jambo hilo. Alilieleza wazi katika kitabu chake, No More the Tusker, kilichotoka mwaka 1965.

Mwaka 1930 alioa, na mkewe Eleanor akaja kukaa naye Mbeya, ambako walijaribu kilimo cha kahawa. Bei ya kahawa ilikuwa mbaya duniani kote miaka ile, na dhahabu ilikuwa imepatikana Lupa, kule Chunya. Rushby naye akaenda kuchimba kama wengine. Hakutajirika. Karibu na mwisho wa miaka ya 1930 akaingia katika Idara ya Wanyama ya serikali ya kikoloni. Mwizi wa ndovu akawa mlinzi wa ndovu, yaani Bwana Nyama. Baadhi yetu tulipolisikia hili tulicheka sana. Lakini fikirini kidogo: serikali ilitaka mtu anayeijua miguu ya mnyama, na darasa la kumfundisha mtu huyo halikuwepo. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 tu. Kabla ya hapo aliyejua mwitu alijifunza mwituni, mara nyingi kwa kuua.

Sasa nafika kwenye jambo lililolifanya jina lake lijulikane, nami nina sababu ya nyumbani ya kulisimulia. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Wanging'ombe, Ubena. Katika miaka ya 1930 na 1940 nchi ile, kuanzia Wanging'ombe kwenda pande za Usangu, ilikuwa na simba wala watu. Rushby alikadiria kwamba katika miaka kama kumi na mitano waliua watu kati ya 1,000 na 1,500. Hesabu hiyo ni yake, na makarani wa boma hawakuwa wakihesabu kila kaburi la kijijini, lakini hata ukiigawa nusu, sijui mahali pengine duniani palipopata msiba kama huo kwa simba. Dada yake bibi alikuwa mmoja wao. Alikwenda kuchanja kuni jua likiwa bado juu. Bibi alikuwa hapendi kulitaja neno simba hata alipokuwa mzee sana, na sisi wajukuu tukilitaja jioni alikuwa akitunyamazisha kwa mkono.

Rushby alipopewa kazi ya kuwatafuta simba hao, baada ya Vita Kuu ya Pili, alikuta wenzake wametega na kuotea usiku, kama simba wanavyowindwa siku zote, wakashindwa. Yeye na askari wake Waafrika walifuatilia saa na mahali pa kila tukio. Wakagundua jambo la ajabu: simba hawa waliua mchana, hasa alasiri, na usiku waliutumia kusafiri. Waliweza kwenda maili kumi na tano au ishirini mpaka kijiji kisichowatazamia. Mtu aliyekwisha kukamatwa walimburura kwa zamu hadi kichakani mbali na nyumba. Yaani walikuwa wamejifunza kazi, na watoto wao wakajifunza kutoka kwao. Aliyekesha juu ya mti karibu na kijiji kilichopatwa jana alikuwa akilinda mahali ambapo simba wamekwisha kupahama. Baada ya miezi ya kutembea kwa miguu waliwaua simba kumi na watano, na mwaka 1947 mauaji yakakoma. Majina ya wale askari hatuyajui kama tunavyolijua la Rushby, nami naona hiyo ni kasoro ya habari zote zilizoandikwa kuhusu mambo haya.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Walisema simba ni wa mzee mmoja aliyekuwa jumbe, akavuliwa ujumbe na serikali, akalipiza kisasi kwa uganga. Mzee huyo aliporudishiwa cheo chake simba wakaondoka. Bibi aliamini hivyo mpaka anaingia kaburini. Rushby alieleza kwa njia nyingine. Wakati wa vita ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukielekea kusini, na serikali, ili usivuke kwenda Rhodesia na Afrika ya Kusini, ilichanja ng'ombe, ikajenga uzio, na ikaamuru wanyama wa mwituni wapigwe risasi katika eneo kubwa la nyanda zetu. Simba wakakosa nyama. Maelezo haya nayo hayatoshi yenyewe, kwa sababu mauaji yalianza kusimuliwa tangu mwaka 1932, kabla ya bunduki za sotoka. Nadhani wachache walianza kwa sababu zao, na njaa ikawafanya wengi.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilimwambia bibi maelezo ya Rushby kwa kiburi cha mwanafunzi wa biolojia, nikamcheka kwa habari ya jumbe. Hakunijibu kitu, akaendelea kupukuchua mahindi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona kwamba bibi na Rushby hawakuwa mbali sana. Yeye alisema boma limemwondoa jumbe, na Rushby akasema boma limewaondoa swala na pofu. Wote wawili walisema balaa lilitoka ofisini. Nilitaka kumwambia hivyo, naye alikuwa amekwisha kufa.

Jambo la pili la Rushby ni dogo kwa maneno lakini ndilo lililotupeleka sisi porini. Wajerumani walikuwa wametenga pori la Saba tangu mwaka 1910, na Waingereza wakalifanya kuwa Pori la Akiba la Rungwa mwaka 1946. Mwaka 1949 Rushby alipendekeza upande wake wa kusini-mashariki, unaopakana na Mto Ruaha Mkuu, ufanywe hifadhi ya taifa. Pendekezo lilikaa mafailini miaka kumi na mitano. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, na Rushby akiwa amekwisha kustaafu. Alifariki mwishoni mwa miaka ya 1960.

Basi, safari yetu. Klabu za Malihai zilianza nchini mwaka 1980, na yetu ilikuwa na wanachama wasiozidi thelathini. Desemba 1984 tulikwenda Ruaha kujitolea. Vyakula vilikuwa haba mwaka ule, kila mmoja alibeba unga wake na maharage kutoka nyumbani. Lori lilitutoa Iringa alfajiri, likapita Idodi, na lilipofika Msembe tulikuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Tulitazamia kuonyeshwa ndovu. Tulipewa mapanga, tukafyeka njia siku tatu. Siku ya nne askari mmoja mtu mzima, mkimya, alitugawa wawili wawili ukingoni mwa mto, akatupa madaftari na kutuambia tuhesabu viboko kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Tuandike saa, mahali, idadi, hali ya maji. Tusiandike tulichodhani, ila tulichoona. Mwenzangu aliandika viboko ishirini mahali tulipoona vichwa kumi na vinane, kwa kuwa namba kamili ilimpendeza. Askari alilichana lile karatasi mbele yetu, nasi tukarudia asubuhi iliyofuata.

Ni askari huyo aliyetusimulia Rushby jioni, kwenye moto, na ndipo ugomvi ulipoanza. Nusu ya klabu walisema mtu aliyeua ndovu wa Kongo kwa wizi hastahili kusifiwa na wanaolinda ndovu, tena wakati ambapo majangili walikuwa wakiwamaliza ndovu wa nchi hii. (Operesheni Uhai ilikuja mwaka 1989, na katika mwaka huo huo biashara ya pembe ikapigwa marufuku duniani.) Nusu nyingine walisema mtu hupimwa kwa alichoishia. Nilikuwa upande wa pili kwa ajili ya dada yake bibi. Leo, mkiniuliza, nasema klabu isipewe jina lake. Ana kitabu chake na ana hifadhi. Ikibidi klabu iwe na jina la mtu, kwanza tafuteni jina la askari mmojawapo aliyetembea naye Wanging'ombe. Vijana wenye wazee Ubena waanze kuuliza sasa, kwa maana wanaokumbuka wamebaki wachache.

Nina jambo jingine kwa wanafunzi, na hili ni gumu zaidi kwetu sisi wakubwa wao. Desemba ile ya 1984, mwisho wa kiangazi, Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umepungua lakini unatiririka. Tulioga ndani yake, mmoja akitazama mamba. Mwaka 1993 mto ulikauka kabisa ndani ya hifadhi kwa mara ya kwanza kujulikana, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Maji yake yanatoka kwetu, Uporoto na Kipengere, yanashuka bonde la Usangu, na huko yanagawanywa kwenye mifereji ya mpunga na malisho. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, wengi kwa shida kubwa, na mwaka 2008 bonde likaunganishwa na hifadhi, ambayo ikavuka kilomita za mraba 20,000. Mto haukupona kwa hilo. Waliohamishwa walikuwa na ng'ombe. Wenye mashamba ya mpunga Mbarali tuko wengi katika chama hiki cha wanafunzi wa zamani, nami nina ekari sita.

Kwa hiyo nimeona safari ya Desemba isiishie Msembe. Wanafunzi wakagawanyike makundi mawili: moja likahesabu viboko mahali pale pale tulipohesabu sisi, na jingine lianzie juu, lipite mifereji yetu mmoja baada ya mwingine, liandike saa, mahali na hali ya maji, wa kwangu ukiwemo. Lori nimekwisha kuliombea. Daftari langu la 1984 nimelikabidhi kwa mwalimu mlezi wa klabu. Limeliwa na mchwa pembeni, lakini kurasa za mto zinasomeka, na nyuma yake zimebaki karatasi nyingi tupu.