Gerty Cori

Gerty Theresa Cori (jina la kuzaliwa: Radnitz, 15 Agosti 1896 – 26 Oktoba 1957) alikuwa mwanabiokemia kutoka Austria-Hungaria na baadaye Marekani. Mwaka wa 1947, pamoja na mumewe Carl Cori na Bernardo Houssay wa Argentina, alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo katika fani ya tiba.

Maisha ya awali

Gerty alizaliwa Praha katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mkemia aliyesimamia viwanda vya sukari. Shule ya wasichana aliyosoma haikumwandaa kwa chuo kikuu, hivyo alilazimika kujifunza Kilatini, hisabati na sayansi kwa haraka ili afaulu mtihani wa kuingia. Alianza masomo ya udaktari mwaka wa 1914, akahitimu mwaka wa 1920. Mwaka huohuo aliolewa na Carl, mwanafunzi mwenzake.

Kazi ya utafiti

Mwaka wa 1922 wote wawili walihamia Buffalo, Marekani. Huko Gerty alionywa kwamba angepoteza kazi asipoacha kufanya utafiti na mumewe, lakini hakuacha. Mwaka wa 1929 walieleza njia ambayo leo huitwa mzunguko wa Cori. Misuli inapofanya kazi kwa nguvu, huvunja glukosi na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo husafirishwa na damu hadi kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa glukosi tena na kuirudisha kwa misuli.

Vyuo vikuu kadhaa vilimtaka Carl bila mkewe. Mwaka wa 1931 Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis kiliwaajiri wote. Carl alikuwa profesa na mkuu wa idara. Gerty alipewa cheo cha mtafiti tu, kwa mshahara uliokuwa sehemu ndogo ya ule wa mumewe, ingawa walifanya kazi ileile. Mwaka wa 1936 waligundua glukosi-1-fosfati, hatua ya kwanza katika kuvunjwa kwa glikojeni. Gerty alifanywa profesa mshiriki mwaka wa 1943, na profesa kamili mwaka wa 1947, miezi michache kabla ya Tuzo ya Nobel.

Miaka ya mwisho

Mwaka huohuo aligundulika kuwa na ugonjwa wa uboho wa mifupa. Hata hivyo aliendelea na kazi kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho alionyesha kwamba magonjwa ya kurithi ya glikojeni kwa watoto husababishwa na upungufu wa vimeng'enya fulani.

Watafiti sita waliopitia maabara yao, wakiwemo Arthur Kornberg na Severo Ochoa, walipata Tuzo ya Nobel baadaye. Kreta moja ya Mwezi imepewa jina la Cori kwa heshima yake.