Mjue Mwana wa Monduli: Hayati Edward Moringe Sokoine

Ndugu Wana-Monduli mnaoishi Dar es Salaam,

Harambee ya mwaka huu ni ya mfuko wa chakula kwa familia zetu zilizokwama pembezoni mwa jiji. Ndiyo maana tumeona tumkumbuke Hayati Sokoine, mtu wa nyumbani aliyebebeshwa mzigo wa chakula cha nchi nzima katika miaka migumu kuliko yote.

Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938 katika familia ya wafugaji. Alisoma Shule ya Msingi Monduli, kisha Sekondari ya Umbwe, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, baadaye akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala na kurudi kutumikia Wilaya ya Masai. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge. Akawa Naibu Waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1972, na Waziri Mkuu mwaka 1977. Aliacha wadhifa huo mwaka 1980 kwa sababu za afya, akaitwa tena Februari 1983.

Alirudi nchi ikiwa taabani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, bei ya mafuta imepanda na fedha za kigeni hakuna. Waliokuwa wakiishi Manzese, Tandika na Mbagala wakati huo hawajasahau foleni za unga, sukari na sabuni, wala unga wa njano wa msaada uliobatizwa jina la Yanga. Bidhaa ziliadimika madukani, lakini kwa mlango wa nyuma zilipatikana kwa bei ya kuruka.

Machi 1983 Sokoine alianzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Maghala yalifunguliwa, shehena zilizofichwa zikatolewa hadharani. Wananchi wa kawaida walimpenda kwa hilo, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona wakubwa wakiulizwa mali zao zimetoka wapi.

Mimi ni mhasibu, na hesabu hii ina pande mbili. Msako ulitoa kilichofichwa, lakini haukuongeza gunia hata moja shambani. Kilichokamatwa kiliuzwa kikaisha, na wafanyabiashara wengine wakaogopa kuleta kingine. Mwaka huohuo ilikuja Nguvu Kazi, mpango wa kuwapeleka mashambani watu wa mjini wasio na kazi rasmi. Walikumbwa hata wachuuzi wadogo waliokuwa wakilisha familia zao kwa biashara ya siku, na wengi walirudi mjini muda si mrefu. Kumheshimu marehemu hakutuzuii kulisema hilo.

Kilichozivusha nyumba nyingi ni ujirani. Aliyepata kilo mbili za sukari alimpimia mwenzake kikombe. Aliyetoka kijijini na debe la mahindi hakula peke yake. Sisi tulilijua hilo kabla ya kuja mjini: mfugaji akifilisika kwa ukame, ukoo humchangia mifugo aanze upya, na hakuna anayemwita ombaomba.

Sokoine alifariki dunia tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa Monduli Juu. Julai mwaka huohuo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo mjini Morogoro, kikapewa jina lake. Huko ndiko jibu la upande wa pili wa hesabu linakotafutwa hadi leo: namna ya kuongeza chakula chenyewe.

Leo maduka yamejaa, lakini wapo wenzetu Chamazi, Mbagala na Bunju wanaopika mara moja kwa siku. Yupo kijana aliyekuwa mlinzi wa usiku akapoteza kazi, na yupo mama aliyeachwa na watoto na kodi ya chumba. Wengi wao wananyamaza kwa aibu, na sisi tunapata habari wakiwa wameshauza hata kitanda.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kilo ya unga na maharage itakayoingia na kutoka iandikwe, na daftari lisomwe mbele ya wanachama wote kwenye kila mkutano. Pili, majina ya wanaosaidiwa yasisomwe kamwe. Yabaki kwa mweka hazina na wajumbe wawili tu. Stoo iwe wazi, mlaji afichiwe aibu yake.

Mwenye fedha alete fedha, mwenye gunia alete gunia, na mwenye pikipiki ajitolee kufikisha. Na anayemjua jirani kutoka nyumbani ambaye jiko lake haliwaki, amnong'oneze mjumbe wa kamati kabla ya kuondoka ukumbini.