Ada Lovelace na Daftari Langu

Mimi nakaa Mutakura, Bujumbura. Nilipoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta nilitaka kujua yote kwa mwezi mmoja. Nikashindwa, karibu niache. Ndipo nikasoma habari za Ada Lovelace. Alizaliwa London mwaka 1815. Akiwa mama wa watoto watatu alijiwekea shabaha ya kujua hesabu za juu, akafundishwa na Augustus De Morgan kwa barua. Mwaka 1843 alichapisha hatua za kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine ya Charles Babbage, mashine ambayo haikumalizika kuundwa. Alifariki mwaka 1852, umri miaka 36. Basi nami, nisiye na kompyuta, kila juma naandika programu moja fupi daftarini, kisha Jumamosi naijaribu kwenye kompyuta ya kuazima. Wenzangu, shabaha moja yatosha.