Chapman, mhandisi aliyelainisha springi za magari ya mbio

HATA leo wapo madereva wanaoamini kuwa gari la kasi haliwezi kukata kona vyema bila springi ngumu. Mhandisi Mwingereza Colin Chapman aliipinga dhana hiyo maisha yake yote.

Mwasisi huyo wa kampuni ya Lotus alizaliwa mwaka wa 1928 na kusomea uhandisi jijini London. Gari lake la kwanza alilitengeneza kutokana na Austin 7 kuukuu. Baadaye, katika Lotus VI ya mwaka wa 1952, alichukua ekseli ya mbele ya Ford na kuikata katikati, kila gurudumu likaweza kupanda na kushuka pasipo kulisumbua jingine.

Gurudumu linaloruka kwenye tuta halishiki barabara, na lisiposhika barabara usukani hauna kazi. Kwa sababu hiyo Chapman alipendelea springi laini, akazituliza kwa shokabsoba zilizopimwa kwa makini, na kuzifunga kwenye fremu isiyopindika. Springi za aina hiyo huzidiwa na gari zito, hivyo alipunguza uzani kila mahali. Elan yake ya mwaka wa 1962 haikufika kilo 700, na ulaini wake kwenye kona ungali unasifiwa.

Sifa zake zilivuka milango ya Lotus. Mnamo 1956 aliitwa kuiundia timu ya Vanwall fremu na springi upya. Miaka miwili baadaye timu hiyo ilitwaa taji la kwanza kabisa la watengenezaji katika mbio za langalanga. Lotus yenyewe ilitwaa saba enzi za uhai wake.

Hata hivyo, wepesi huo uliwaponza wengine. Mwaka wa 1960 gurudumu la nyuma la Lotus ya Stirling Moss lilichomoka nchini Ubelgiji, akavunjika miguu yote miwili. Jochen Rindt alimwandikia Chapman mwaka wa 1969 akilalamikia magari yanayovunjika. Mwaka uliofuata Rindt alifariki Monza, ambapo kukatika kwa chuma cha breki ya mbele kulishukiwa kuwa chanzo cha ajali, akatawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo mnamo Desemba 1982 akiwa na miaka 54. Wahandisi wake walikuwa wakijaribu mfumo wa kompyuta na mafuta ya kusukuma magurudumu badala ya springi kujiendea zenyewe. Ayrton Senna aliutumia kushinda Monaco mwaka wa 1987.