Rabi Akiva, Mwalimu Aliyefiwa na Wanafunzi Wake

Kwetu sisi Wakristo siku zilizo kati ya Pasaka na Pentekoste ni siku za furaha, maana twakumbuka kufufuka kwake Bwana wetu. Lakini kwa Wayahudi siku zizo hizo zina huzuni ndani yake. Kila jioni huhesabu siku moja, hata zitimie 49, kama ilivyoagizwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 23. Na kwa sehemu kubwa ya siku hizo hawafanyi arusi, na wengi wao hawanyoi nywele wala hawasikilizi vinanda. Mtu akiwauliza ni msiba gani huo, watamjibu kwamba ni msiba wa wanafunzi wa Rabi Akiva. Basi tumeona vema kuzieleza habari za mwalimu huyo, kama zilivyohifadhiwa katika vitabu vya wazee wa Wayahudi, kwa kuwa zina mafundisho kwa kila mtu aliyepewa kazi ya kufundisha wengine.

Akiva mwana wa Yosef alizaliwa yapata mwaka wa 50, katika nchi ya Wayahudi iliyotawaliwa na Warumi. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa mchungaji wa mifugo ya tajiri mmoja wa Yerusalemu, jina lake Kalba Savua, wala hakujua kusoma hata herufi moja. Tena aliwachukia wenye elimu. Alipokwisha kuwa mwalimu mkuu hakuona haya kuwaeleza wanafunzi wake jinsi alivyokuwa zamani, kwamba angalimpata mtu wa elimu angalitamani kumwuma kama punda. Alijua, basi, jinsi uchungu unavyokaa moyoni mwa mtu anayejiona kuwa amedharauliwa.

Binti wa yule tajiri alimtazama mchungaji wa baba yake, akaona kwamba ni mtu mpole mwenye tabia njema. Akakubali kuolewa naye, kwa sharti kwamba ataenda kusoma. Baba yake aliposikia alikasirika sana, akaapa kutompa chochote katika mali yake. Wakawa maskini kabisa, wakilala juu ya majani makavu, na asubuhi Akiva huokota mabua katika nywele za mkewe. Siku moja mtu akabisha hodi, akiomba majani kidogo, maana mkewe alikuwa amejifungua wala hana cha kulalia. Akiva akamwonyesha mkewe kwamba kumbe yuko mtu asiyekuwa hata na majani. Wazee wa Wayahudi wasema kwamba mwombaji yule alikuwa nabii Eliya, aliyekuja kwa sura ya mtu ili kuwafariji.

Alipopata miaka 40 ndipo alipoanza kusoma. Yasimuliwa kwamba alisimama kando ya kisima akaona jiwe lililotobolewa na maji, akafikiri moyoni kwamba ikiwa maji yaliyo laini yaweza kuchimba jiwe lililo gumu, basi Torati yaweza kuingia hata katika moyo wake. Akaenda kuketi pamoja na mwanawe mdogo mbele ya mwalimu wa watoto, baba ameshika upande mmoja wa kibao na mtoto upande wa pili, wakajifunza herufi pamoja. Kisha akasoma kwa walimu wakubwa, Rabi Eliezer na Rabi Yehoshua. Alikaa mbali na nyumba yake miaka 12, na tena miaka 12, kwa ridhaa ya mkewe. Aliporudi alikuwa na wanafunzi 24,000. Mkewe akatoka kumlaki katika nguo zake za kimaskini, na watumishi wa Akiva, wasiomjua, wakamsukuma. Akiva akawakataza, akawajulisha kwamba elimu yote aliyo nayo yeye, na yote waliyo nayo wao, ni mali ya mwanamke huyo.

Akiva alifanya shule yake katika mji wa Bene Berak. Mapokeo ya sheria yaliyokuwa yamezagaa aliyakusanya na kuyapanga kwa taratibu. Lakini katika amri zote aliiweka mbele ile ya kumpenda jirani, iliyoandikwa katika Mambo ya Walawi 19:18, akafundisha kwamba ndiyo kanuni kubwa ya Torati yote. Nasi twajua kwamba Bwana wetu Yesu, zamani kabla ya Akiva, aliitaja amri iyo hiyo kuwa ya pili, inayofanana na ile iliyo kuu. Wala Akiva hakuifundisha kwa midomo tu. Alikuwa msimamizi wa sadaka za maskini. Tena mwanafunzi wake mmoja alipougua, hapana hata mmoja katika wenye elimu aliyekwenda kumtazama. Akiva mwenyewe akaenda. Na kwa sababu yake sakafu ya chumba ikafagiwa na kunyunyizwa maji, na mgonjwa akapona. Alipotoka akafundisha kwamba asiyemtazama mgonjwa ni kama mwenye kumwaga damu.

Sasa twafika penye msiba. Vitabu vya Wayahudi vyasema kwamba wanafunzi wa Akiva walikuwa jozi 12,000, waliotapakaa katika nchi hata kufika Antipatri, mji ule ambao Paulo alipelekwa usiku na askari, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume. Wote walikufa kwa majira mamoja, kati ya Pasaka na Pentekoste, kwa ugonjwa mbaya wa koo. Na sababu iliyoandikwa ni hii, kwamba hawakuheshimiana wao kwa wao. Hawakuandikiwa kosa la kuabudu sanamu, wala la wizi, wala la zinaa. Walikuwa watu wa elimu, wanafunzi wa mwalimu aliyefundisha upendo kuliko mambo yote. Walilijua fundisho lile kwa moyo, wala kila mmoja hakumpa mwenziwe heshima iliyompasa.

Wako wataalamu wanaodhani kwamba vijana hao walikufa katika vita juu ya Warumi, iliyopiganwa tangu mwaka wa 132 hata 135. Lakini hata kama ni hivyo, ni jambo la kutafakari kwamba Wayahudi, walipouandika msiba huo, hawakumtaja adui, bali waliandika kosa la watu wao wenyewe, tena la walimu wao. Na kwa muda wa mamia ya miaka wamelishika ombolezo hilo, ili kila mwaka watoto wao waulize sababu, nao waambiwe kwamba elimu isiyo na heshima kwa ndugu huleta mauti. Kwa hiyo siku hizo wengi wao hujitahidi kupatana na kutendeana mema. Siku ya 33 ya hesabu yao wengi huacha kuomboleza, kwa kuwa yasemwa kwamba siku hiyo mauti yalikoma.

Na Akiva alifanya nini? Alikuwa mzee, na kazi yake yote imezikwa. Hapo kwanza alikuwa amekwisha kuzika wana wake mwenyewe. Na siku ile, watu wengi walipokusanyika kumlilia, alisimama juu ya kiti akawashukuru, akasema kwamba heshima hiyo si yake, kwa kuwa akina Akiva ni wengi sokoni, bali ni heshima ya Torati. Sasa tena hakukaa chini kulaumu. Alisafiri mpaka upande wa kusini, akatafuta wanafunzi wengine, akaanza upya. Walikuwa watano: Meir, Yehuda, Yose, Shimon na Elazar. Kutoka 24,000 alishuka hata 5, naye akawafundisha. Na hao watano ndio walioisimamisha tena elimu ya Wayahudi. Mafundisho yao ni sehemu kubwa ya kitabu kiitwacho Mishna, kilichokusanywa yapata mwaka wa 200.

Katika vita ile Akiva alimtumainia mkuu wa jeshi, Bar Kokhba, akadhani kuwa ndiye Masihi. Na tumaini hilo lilimdanganya, maana vita ilishindwa na watu wengi mno wakafa. Kaisari Hadrian alikataza kufundisha Torati, lakini Akiva hakuacha. Warumi wakamfunga, kisha wakamwua kwa kumchuna nyama kwa vyanuo vya chuma. Ilikuwa saa ya sala, naye alikufa akiliungama jina la Mungu mmoja, akifurahi kwamba amepata nafasi ya kumpenda Mungu kwa roho yake yote.

Ndugu zetu, habari hii tusiitumie kuwashutumu Wayahudi, maana wengi waliojiita Wakristo wamewatendea watu hao maovu makubwa. Wao wameliungama kosa la wazee wao mbele ya ulimwengu; sisi tutazame nyumba yetu. Wako walimu wawili katika usharika mmoja wasioamkiana. Yuko mwinjilisti asifiwaye kwa mahubiri, lakini mwenziwe akiugua hajui hata njia ya kwenda kwake. Yuko mzee wa kanisa amsukumaye mjane aliyevaa vibaya, wala hajui ni sala za nani zilizomfikisha hapo alipo. Watu hao waweza kuijua Katekisimo yote, neno kwa neno, na amri ya upendo wakaifundisha kila juma.

Basi, katika siku hizi zilizosalia kabla ya Pentekoste, kila mmoja wetu amwendee ndugu yake aliyemvunjia heshima, apatane naye. Na yule ambaye kazi yake imeanguka, watu wake wametawanyika, asikate tamaa, bali aende atafute watano.