John Augustus: fundi viatu aliyewatoa wanawake kwenye njia ya gereza

Mjini Busia, ambako mpaka wa Kenya na Uganda unapita katikati ya wachuuzi, na katika wilaya jirani ya Tororo, mwanamke aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo, kama kuuza pombe bila leseni, anaweza kuamriwa kufanya kazi za jamii badala ya kufungwa. Mmoja wa waasisi wa fikra hiyo aliishi mbali, mjini Boston, Marekani.

John Augustus alizaliwa Massachusetts miaka ya 1780. Alikuwa fundi viatu na mwanachama wa chama kilichopinga ulevi. Mnamo Agosti 1841 alimwona mahakamani mwanamume aliyeshtakiwa kwa ulevi. Alizungumza naye, akamwekea dhamana. Majuma matatu baadaye mshtakiwa alirejea akiwa amebadilika, naye hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi.

Punde Augustus alianza kuwadhamini wanawake pia. Kabla ya kumpokea mtu alichunguza mwenendo wake. Kisha alimtafutia makazi na kazi, akatoa taarifa kwa hakimu. Wengine aliwahifadhi nyumbani kwake.

Hakupendwa na wote. Maofisa waliolipwa ada kwa kila mtu aliyepelekwa gerezani walipoteza kipato kila alipomdhamini mtu. Biashara yake ya viatu ilizorota, lakini hakuacha. Alipofariki mwaka 1859, alikuwa amewadhamini watu 1,946, wakiwemo wanawake 794. Mwaka 1878 Massachusetts ilipitisha sheria ya kuajiri ofisa wa uangalizi wa wahalifu.

Kenya ilitunga sheria ya kazi za jamii mwaka 1998, na Uganda mwaka 2000. Umuhimu wake huonekana zaidi mama anapohukumiwa. Nchini Kenya mtoto anaweza kukaa gerezani na mamaye hadi afikishe miaka minne. Wakubwa zaidi hubaki nje, mara nyingi mikononi mwa nyanya au jirani.

Hata hivyo, amri ya mahakama peke yake haitoshi. Mama anayelea watoto peke yake huenda akashindwa kutimiza saa alizopangiwa, akaishia gerezani vilevile. Augustus alilielewa hilo mapema: dhamana ilikuwa mwanzo tu, na kazi yenyewe ilikuwa kumfuatilia mtu hadi asimame tena.